Kabla ya Kulaumu Reneti, Yaulize Maziwa

Jumamosi moja ya mwezi wa Februari nilisimama jikoni kwangu, Kasarani, nikiwa na kisu kirefu mkononi na mbele yangu sufuria yenye lita 40 za maziwa yaliyokataa katakata kuwa jibini. Dakika 45 zilikuwa zimepita tangu nitie reneti, ile dawa ya kugandishia maziwa. Nilichomeka kisu na kukiinua taratibu, nikitarajia mgando upasuke mstari mmoja ulionyooka na kuacha ufa uliojaa maji ya rangi ya manjano yenye ukijani kidogo. Nilichoinua kilikuwa kama uji mwepesi wa mtoto, ukaserereka ubapani na kurudi sufuriani. Nikangoja nusu saa nyingine, na uji ukabaki uji. Nilipoukamua hivyo hivyo ndani ya kitambaa, maji yalitoka meupe kama maziwa yenyewe, ishara kwamba protini na mafuta niliyoyalipia yalikuwa yakienda zake kwenye mfereji wa jikoni. Lita 40 ambazo kwa kawaida hunipa karibu kilo 4 za jibini gumu la gouda zilinipa kilo 2.9, tena za jibini laini lililochacha kabla ya kukomaa.

Lawama zote nilizitwisha reneti. Nilinunua chupa mpya, nikaipima kwa sindano bila kukosea hata kidogo, na juma lililofuata hali ikawa ile ile. Ndipo nikafanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya tangu siku ya kwanza, na ambalo namshauri kila anayeanza kazi hii alifanye kabla ya kununua kifaa kingine chochote. Nilichukua chupa mbili safi za jamu, moja nikaitia nusu lita ya maziwa ya mfugaji wangu wa kawaida wa upande wa Kikuyu, ya pili nusu lita ya maziwa kutoka kwa mfugaji mwingine wa Limuru. Nikaziweka zote mbili ndani ya beseni moja la maji ya moto hadi maziwa yakafika nyuzi 33 za Selisiasi, kisha nikatia matone yale yale ya reneti ile ile kutoka chupa ile ile. Maziwa ya Limuru yalianza kushikana dakika ya 12, na yale ya Kikuyu dakika ya 31. Reneti ilikuwa imeachiliwa huru; mshtakiwa alikuwa maziwa.

Ili kuelewa tofauti hiyo, inatubidi tuache kidogo mazoea yetu ya kuyapima maziwa kwa macho. Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba maziwa mazuri ni yale yanayofanya malai mazito juu yanapopoa, na kweli kwa chai hayana mfano. Lakini mafuta hayagandi kwa reneti. Mafuta hunaswa tu ndani ya wavu, na wavu wenyewe hufumwa na protini iitwayo kaseini. Maziwa ya ng'ombe huwa na protini ya takriban asilimia 3.2 hadi 3.5, na katika protini hiyo sehemu nne kati ya tano hivi ni kaseini. Sehemu ya tano iliyobaki ni protini za maji ya jibini, hasa beta-laktoglobulini na alfa-laktalbumini, ambazo reneti haizigusi na ambazo huondoka na maji pale mgando unapokatwa. Kwa hiyo mfugaji akikuambia maziwa yake yana protini asilimia 3.3, amekujibu nusu ya swali. Nusu ya pili ni kiasi gani cha protini hiyo ni kaseini, na kaseini yenyewe iko katika hali gani.

Kaseini haielei ovyo ndani ya maziwa. Iko ya aina nne, nazo ni alfa-s1, alfa-s2, beta na kapa, na maelfu ya molekuli zake hukusanyika pamoja na fosfeti ya kalsiamu kuwa punje ndogo mno zinazoitwa miseli. Ukizipanga kwa mstari, zaidi ya 6,000 za ukubwa wa wastani zingeenea katika milimita moja. Kapa ni kidogo tu, kama asilimia 12 ya kaseini yote, lakini ndiyo iliyo nje, na sehemu yake moja hujitokeza juu ya miseli kama manyoya mafupi yanayopenda maji. Manyoya hayo ndiyo yanayozifanya miseli zisukumane badala ya kushikamana, na ndiyo sababu maziwa hubaki maji maji siku nzima bila kujikusanya.

Kimosini, kimeng'enya kikuu cha reneti, hufanya kazi ya kinyozi. Hukata kapa mahali pamoja tu, kati ya asidi amino ya 105 na ya 106 katika mnyororo wa 169, na kipande kilichonyolewa hupotelea kwenye maji ya jibini. Kwa muda hutaona badiliko lolote sufuriani, maana kwa asidi ya kawaida ya maziwa inahitajika zaidi ya asilimia 80 ya kapa ikatwe kabla miseli hazijaanza kushikana. Hapo ndipo, ghafla, huonekana vipunje vidogo kwenye ubapa wa kijiko, na kutoka hapo kalsiamu huunganisha miseli kwa miseli hadi wavu ukamilike. Kumbuka kwamba hatua hizi mbili hazipendi joto kwa kiasi kimoja. Kunyoa kunaweza kuendelea polepole hata kwenye baridi, ila kushikana hukoma kabisa maziwa yakiwa ya baridi. Ndiyo maana maziwa yaliyotiwa reneti ndani ya friji hukaa yamelegea, kisha hujigandisha upesi ukiyapasha.

Sasa turudi kwa zile chupa mbili za jamu. Yule mfugaji wa Limuru alikuwa na ng'ombe wawili wa Jersey na mmoja chotara. Wa Kikuyu alikuwa na Friesian watatu. Ng'ombe hurithi kapa ya namna tofauti, na zinazojulikana zaidi katika kazi ya jibini ni A, B na E. Maziwa ya ng'ombe aliyerithi B kutoka kwa wazazi wote wawili huwa na kapa nyingi zaidi na miseli ndogo zaidi, huganda mapema na kutoa mgando mgumu. Namna ya B imeenea sana kwa Jersey, wakati kwa Friesian A ndiyo iliyotawala. E ndiyo mbaya wao. Hupatikana zaidi kwa Ayrshire, na watafiti wa Ufini, nchi yenye Ayrshire wengi, walikuta ng'ombe kadhaa ambao maziwa yao hayakuganda kabisa ndani ya muda wa kipimo, ingawa ng'ombe wenyewe walikuwa wazima. Ayrshire ni mmoja wa ng'ombe wapendwao sana na wafugaji wetu, kwa hiyo jambo hilo si la Ulaya peke yake.

Kiwanda kikubwa hakihisi tofauti hii, kwa sababu maziwa ya ng'ombe maelfu yakimiminwa ndani ya tangi moja, ukaidi wa mmoja humezwa na utiifu wa wengine. Sisi wa jikoni tunaonunua kutoka kwa mtu mwenye ng'ombe watatu hatuna bahati hiyo. Ng'ombe mmoja ni theluthi ya sufuria yako.

Hata hivyo nisingependa msomaji aondoke akidhani nimemshauri akimbilie Jersey na kuwatupa wengine, kwa maana uzao ulieleza sehemu tu ya tatizo langu. Miezi mitatu kabla ya ile Jumamosi, Friesian wale wale walikuwa wamenipa jibini zuri. Nilipokwenda Kikuyu kuuliza, mfugaji, mzee wa makamo ya baba yangu, alinipokea kwa chai na kunisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu," akaniambia, "mbona hukuniuliza tangu mwanzo? Huyu mkubwa ana mimba ya miezi saba, anakaribia kukaushwa. Na yule wa katikati nilimtibu kiwele mwezi uliopita."

"Lakini mzee, maziwa yenyewe yalionekana sawa."

"Kwa chai ni sawa. Wewe unayapikia kitu kingine."

Hapo mzee alinipa somo ambalo nililithibitisha baadaye kwa kusoma. Ng'ombe akikaribia mwisho wa kipindi chake cha kukamuliwa, au akiwa na ugonjwa wa kiwele, kimeng'enya kinachotoka kwenye damu, kiitwacho plasmini, huongezeka ndani ya maziwa na kuanza kumeng'enya kaseini, hasa ya beta, hata kabla ya ng'ombe kukamuliwa. Katika ugonjwa wa kiwele kuna hila ya ziada: protini za damu huvuja na kuingia kwenye maziwa wakati kaseini inapungua, hivyo kipimo cha protini kwa jumla kinaweza kusoma vizuri kabisa huku kilicho muhimu kwako kikiwa kimepungua. Juu ya hayo asidi hupungua, yaani pH hupanda kutoka 6.6 au 6.7 ya kawaida, na kimosini hufanya kazi kwa uvivu. Hata ugonjwa usioonekana kwa macho, ule usio na uvimbe wala madonge kwenye maziwa, unatosha kuharibu. Wafugaji wengi wana kile kipimo cha sabuni ambamo maziwa ya kila chuchu huchanganywa na dawa kwenye sahani yenye vyumba vinne, na yenye ugonjwa huwa mazito kama ute wa bamia. Muombe mfugaji wako akufanyie mbele yako. Dang'a nayo usiiguse: maziwa ya siku za mwanzo baada ya kuzaa yamejaa protini za kinga, na uwiano wake na kaseini haufai kabisa kwa jibini.

Ukame nao una sehemu yake. Kati ya Januari na Machi, kabla ya mvua za masika, ng'ombe wengi wa Kiambu hula mabua ya mahindi na nyasi za nepia zilizokomaa na kuwa ngumu. Ng'ombe asiyepata nguvu ya kutosha kwenye chakula hupunguza protini kwenye maziwa, na mtengenezaji wa jibini hulipa tofauti hiyo.

Na maji? Siwezi kuandika kuhusu maziwa ya Nairobi nikakwepa maji. Maziwa yakiongezwa maji, kaseini na kalsiamu hupungua kwa pamoja na wavu hufumwa kwa nyuzi chache. Laktomita, kile kipimo cha uzito wa maziwa, husaidia, kwa kuwa maziwa halisi ya ng'ombe husoma kati ya 1.028 na 1.032 hivi, lakini si hakimu wa mwisho. Mjanja akiondoa malai, uzito wa maziwa hupanda. Akiongeza maji, hushuka. Akifanya yote mawili kwa kipimo, laktomita itakuapia kwamba hakuna kilichotendeka. Chupa ya jamu yenye reneti haidanganyiki kwa urahisi hivyo.

Yako makosa mengine mawili ambayo yalikuwa yangu mwenyewe, wala hayakutoka kwa ng'ombe wala kwa mfugaji. La kwanza ni moto. Mama alinifundisha kwamba maziwa mabichi huchemshwa hadi yapande mara tatu, na kwa matumizi ya nyumbani hakukosea, kwani brusela na kifua kikuu vya ng'ombe si mzaha. Lakini maziwa yakipita sana nyuzi 70 na kukaa hapo, beta-laktoglobulini hufumuka na kujifunga kwenye kapa, mahali pale pale ambapo kimosini kinahitaji kufika, na hata kikifika miseli hushindwa kukaribiana. Matokeo yake ni mgando laini unaoshikilia maji, au kutoganda kabisa. Kwa sababu hiyo hiyo maziwa ya pakiti ya muda mrefu, yaliyopitishwa kwenye nyuzi zaidi ya 130, hayafai kwa reneti hata ukiyamwagia chupa nzima. Njia salama ni nyuzi 63 kwa dakika 30 kamili, sufuria ikiwa ndani ya sufuria kubwa zaidi yenye maji, kipimajoto kikiwa ndani muda wote, kisha kuyapoza upesi. Mimi hukaa hapo hapo na redio. Ukitoka kidogo kwenda kuzungumza na jirani, unarudi umekuta nyuzi 78.

Kosa la pili ni baridi. Nilikuwa nikikusanya maziwa ya siku tatu kwenye friji ili nijaze sufuria mara moja. Kwenye nyuzi 4, sehemu ya kaseini ya beta hutoka ndani ya miseli na kuelea kwenye maji, na kalsiamu kiasi huifuata. Maziwa ya namna hiyo huganda kwa kuchelewa, na kaseini iliyotoka huondoka na maji. Zile nyuzi 63 za nusu saa hurudisha sehemu kubwa ya hasara hiyo, lakini si yote, wala haziponyi kazi ya bakteria wa baridi ambao vimeng'enya vyao huendelea kukatakata protini. Siku hizi sivushi maziwa zaidi ya usiku mmoja.

Kalsiamu iliyopotea kwa moto au baridi hurudishwa kwa kloridi ya kalsiamu. Kipimo changu ni gramu 8 kwa lita 40, yaani asilimia 0.02, iliyoyeyushwa kwenye maji yaliyochemshwa na kupoa, na hutiwa kabla ya reneti. Nimeona watu wakizidisha wakidhani ni dawa ya kila kitu. Wanachopata ni mgando mgumu wenye uchungu mdomoni. Kloridi ya kalsiamu huimarisha wavu uliopo, haizalishi kaseini isiyokuwapo. Na maji ya kuyeyushia reneti yasitoke moja kwa moja bombani, kwa sababu klorini ya maji ya jiji huua kimeng'enya.

Wanaoniuliza kuhusu mbuzi na ngamia huwa wanatarajia jibu moja, kumbe ni majibu mawili tofauti. Kwa mbuzi jambo kubwa ni kaseini ya alfa-s1, ambayo kiasi chake hutegemea urithi kuliko kitu kingine: nakala moja ya namna yenye nguvu huleta gramu 3.6 hivi kwa lita, namna dhaifu huleta kama gramu 1.6 au chini zaidi, na wako mbuzi wasio nayo kabisa. Mbuzi wengi wa uzao wa Saanen hubeba zile dhaifu. Mgando wao huwa laini, kwa hiyo nawashauri wanaoniuliza waanze na jibini bichi la kuchujwa kwa kitambaa badala ya kulazimisha gouda.

Ngamia ni habari nyingine. Maziwa yake yanayofika Eastleigh kutoka Isiolo na kwingineko yana kaseini ya kapa kama asilimia 3.5 tu ya kaseini yote, miseli zake ni kubwa kuliko za ng'ombe, na reneti ya ndama hubabaika mbele yake. Niliwahi kuyajaribu kwa reneti ya kawaida; baada ya saa mbili nilikuwa na kitu kama mala iliyokatika. Dawa iliyopatikana ni kimosini cha ngamia mwenyewe, ambacho sasa huzalishwa viwandani kwa kutumia vijidudu, na cha kushangaza hukata hata maziwa ya ng'ombe vizuri kuliko kimosini cha ndama. Ukikipata, punguza kipimo chako.

Kwa kila sufuria, nacho hiki ndicho kipimo ninachokithamini kuliko vyote, mimi huelesha kibakuli chepesi cha plastiki juu ya maziwa dakika chache baada ya kutia reneti na kukizungusha kwa kidole. Mwanzoni huzunguka kama pia. Kisha huanza kuwa kizito, na dakika fulani hukwama, kana kwamba kuna mtu ameshika ukingo wake kutoka chini. Naandika dakika hiyo. Kwa gouda nazidisha kwa 3 kuanzia nilipotia reneti: kikikwama dakika ya 12, nakata dakika ya 36. Daftari langu la mwaka jana linaonyesha mzee wa Kikuyu akitoka dakika 11 mwezi Novemba hadi 19 mwezi Februari, na kurudi 13 mvua ziliposhika na yule Friesian mkubwa akawa amekaushwa. Kikipita 20 bila kukwama, sipotezi muda wa kusubiri mkato mzuri wala siongezi reneti, kwa sababu reneti ya ziada huacha uchungu.

Maziwa ya siku hizo nayapandisha hadi karibu nyuzi 85, nayatia maji ya ndimu kidogo kidogo huku nikikoroga, na kuyafanya paniri, lile jibini bichi la Kihindi. Asidi huigandisha kaseini bila kujali kapa ni ya A, B au E, na zile protini za maji ya jibini zilizofumuka kwa moto hukamatwa pamoja nayo. Mteja wangu mmoja wa Ngara huichukua yote Jumapili asubuhi, bado ikiwa na alama za kitambaa.

Mzee naye tumeshapatana. Kila nikipiga simu Ijumaa jioni, kabla hata ya kunitajia lita, ananiambia nani anakaribia kukaushwa na nani alichomwa sindano, na maziwa ya hao huyatia kwenye mtungi mwingine, wa watu wa chai.